Ule mdalasini niliowaambia mtie kwa miche

Wasee, leo hakuna video. Nimejaribu kurekodi mara tatu, na kila nikijiangalia naona mtu anayejitetea, kwa hivyo wacha niandike tu.

Mnaikumbuka ile ya mdalasini. Kama hukuiona kwangu basi uliletewa na shangazi yako kwa grupu ya familia ya WhatsApp. Niko juu kwa roofu ya ploti yetu hapa Kawangware, ni Julai mwaka jana, baridi imeshika, nimevaa sweta ya kijani. Mbele yangu kuna trei ya miche ya nyanya na karibu nusu yake imelala chini kama imechapwa. Natoa pakiti ya mdalasini wa chai, natingisha juu ya udongo. Halafu nachukua ile chupa ya kupulizia, natia vijiko viwili vya mdalasini kwa maji, napuliza. Picha inakatika, inaandikwa "siku 10 baadaye", na trei ile ile inaonekana na miche imesimama wima, kijani kibichi. Hapo nikasema yale maneno ambayo siku hizi nikiyasikia natamani kuzima simu: "Achaneni na sumu za agroveti. Dawa iko jikoni. Usichoke, endelea kila siku."

Kwa kawaida video zangu huonwa na watu elfu mbili, elfu tatu, nusu yao nilisoma nao. Hiyo ilipita laki nne. Watu wa Mombasa, watu wa Mwanza, hadi jamaa mmoja wa Muscat akaniandikia kwamba amejaribu kwa mnanaa wake wa balkoni. Niliona maisha yamefunguka.

Sasa, kuna mama mboga wetu. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata lakini jina nimuachie mwenyewe. Sote humwita mathe. Kibanda chake kiko njiani ukitoka steji ya 46 kuingia kwetu, na nyuma ya kibanda, kwa kipande cha ardhi ambacho mwenye ploti amemwachia, ana magunia ya sukuma na kitalu kidogo. Wengi hawajui kwamba pesa yake nzuri haitoki kwa sukuma anayowakatia jioni. Inatoka kwa miche. Mvua ikikaribia, watu wenye vishamba kule Waithaka, Dagoretti, mpaka Kikuyu huja kwake kuchukua nyanya, sukuma, spinachi na managu. Nyanya anauza shilingi 5 mche mmoja.

Mei mwaka huu nilipita kuchukua miche ya nyanya. Akaniambia siku hizi ya nyanya hauzi.

"Mathe, kwani nini ilifanyika?"

"Iliniangusha mwaka jana, kijana wangu. Trei tatu, zote zikafa. Ile dawa ya mdalasini."

"Dawa ya nani?"

Akainua macho kutoka kwa sukuma. "Si yako."

Msichana wake ndiye aliyemwonyesha. Trei moja ilikuwa imeanza kuangusha miche, kama ishirini hivi kati ya mia mbili, jambo ambalo humtokea kila baridi. Kawaida angeacha tu, apoteze hao ishirini, auze waliobaki. Lakini aliona kijana anayemjua, anayekuja kuchukua dania kwake jioni, akisema dawa iko jikoni. Akanunua pakiti nne. Akakoroga kwa jagi, akamwagilia trei zote tatu, ile iliyokuwa na shida na zile mbili ambazo hazikuwa na kitu. Asubuhi na jioni, wiki nzima. Mimi si nilisema msichoke? Wiki ilipoisha trei zilikuwa matope yenye nyuzi za kahawia.

Miche mia sita mara shilingi 5 ni thao tatu. Kwako wewe unayesoma hii ukiwa Kileleshwa pengine hiyo ni chakula cha Jumapili moja. Kwake ilikuwa ndiyo ya kujazia kodi ya Septemba, na aliikopa kwa chama.

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni mimi nimekosea vipimo," akasema. "Yako si ilisimama."

Nilirudi nyumbani na hilo neno. Yako si ilisimama. Kwa sababu ukweli ni kwamba haikusimama, na mtu pekee aliyekuwa anajua hivyo ni mimi.

Wacha niwaambie kilichotokea kati ya ile picha ya kwanza na ile ya "siku 10 baadaye". Miche iliyolala haikuamka. Niliing'oa, nikaitupa, na kwa sababu ilikuwa nimepanda kwa kusongamana, iliyobaki ilijaza trei vizuri ukiipiga picha kutoka upande. Sikuwa nadanganya kwa kukusudia, angalau ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nasafisha trei ionekane poa. Pili, trei mwanzoni ilikuwa chini ya tangi la maji, mahali pa kivuli na pa unyevu, nikaihamisha mpaka ukutani ambako jua la saa nne hufika, kwa sababu mwanga wa kurekodi ulikuwa mzuri hapo. Tatu, katikati ya hizo siku 10 nilienda ushago siku nne kwa matanga. Hakuna aliyemwagilia. Ile kupuliza "kila siku" niliyowaambia, mimi mwenyewe nilifanya mara mbili, zote mbele ya kamera.

Kwa hivyo nilibadilisha vitu vinne, nikawaonyesha kimoja.

Huo ugonjwa watu wa kilimo wanauita kinyausi. Mche unaota vizuri, unakupa moyo, halafu asubuhi moja unaupata umekunjika pale shingoni, pale unapotokea udongoni. Ukiuangalia karibu, shingo imekuwa nyembamba kama uzi, kahawia, na inateleza. Mche uliofika hapo umeisha, hakuna kitu utakachoumwagia ukaamka. Yeyote anayekuonyesha mche wa kinyausi uliofufuka anakuonyesha mche mwingine. Mimi nikiwemo.

Wanaouleta ni zaidi ya mmoja. Kuna kuvu kama Rhizoctonia na Fusarium, wanaokaa udongoni. Halafu kuna Pythium, ambaye anafanana na kuvu lakini si kuvu kamili. Ni binamu wa ule ugonjwa uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia 1845, na ambao mpaka leo watu wa viazi wa Nyandarua wanapigana nao kila mvua ikishika. Huyu Pythium ndiye alinifanya nikae kitako. Vimbegu vyake vina mikia. Vinaogelea. Udongo ukijaa maji, ile nafasi kati ya chembe na chembe inakuwa kama mfereji, na vinasafiri kutoka mche mmoja mpaka wa pili. Sasa fikiria mathe na jagi lake, asubuhi na jioni, na jua la Nairobi la Julai ambalo siku nyingine halitokei kabisa. Kila jagi lilikuwa linafungua barabara. Nilimpa dawa ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kubeba maji.

Na mdalasini wenyewe? Hapa sitaki muende upande ule mwingine mseme ni uongo mtupu. Ndani ya mafuta ya mdalasini kuna kitu kinaitwa sinamaldehaidi, ndicho kinachoipa ile harufu, na kwenye maabara kinazuia kuvu za aina nyingi kukua. Hilo limepimwa mara nyingi na watu wengi. Shida ni kwamba hayo ni mafuta yaliyopimwa, kwenye kisahani kilichofunikwa. Pakiti ya chai ni gome lililosagwa, pengine limekaa dukani mwaka, harufu nusu imeshaondoka. Chukua kijiko kimoja cha huo unga utie kwa glasi ya maji uache mpaka jioni. Hauyeyuki. Unavimba na kuwa utelezi, kama uji uliokataa kuiva. Sasa weka huo utelezi juu ya udongo wa kitalu, mahali ambapo unataka pakauke na hewa ipite.

Kuna kingine ambacho sikukijua kabisa: mafuta hayo hayo yanaweza pia kuzuia mbegu isiote. Wale mlioniandikia kwamba mlinyunyiza siku ile ile mliyopanda dania na mpaka leo mnangoja, pole sana. Nilikuwa nawajibu "kuwa na subira".

Nilitaka kujua hata nilikuwa nawauzia nini, basi nikapanda 46 mpaka tao, nikaingia duka moja la viungo nyuma ya Msikiti wa Jamia. Mzee wa pale amekuwa akiuza viungo tangu kabla sijazaliwa. Nikamwambia nataka mdalasini, akaniuliza, "Upi?" Nikakwama. Akatoa mitungi miwili. Mmoja una magome manene, magumu, yamejikunja mkunjo mmoja kama bomba la mabati. Huo ni kasia, unatoka China, Indonesia, Vietnam. Mwingine ni mwembamba, matabaka mengi yamejiviringa moja ndani ya jingine kama sigara, unavunjika kwa vidole. Huo ndio wa Sri Lanka, na ndio unaolimwa pia Zanzibar na kule Muheza, Tanga. Yeye huuita dalchini. Baadaye nikaona kwamba hata neno letu limetoka huko huko, dar chini ya Kiajemi, mti wa China. Nikamwonyesha pakiti yangu nikamuuliza hii ni upi. Akanusa, akacheka, akasema, "Hii ni ya chai." Basi. Hiyo ndiyo dawa niliyowaandikia watu laki nne.

Nikiwa bado tao nikashuka hadi River Road, kwa agroveti, moja kati ya zile ambazo nilikuwa nimeziita maduka ya sumu. Nilimwambia yule dada wa kaunta kwamba nyanya zangu zinaanguka shingo. Nilidhani atanyoosha mkono kwa shelfu. Aliniuliza, "Unamwagilia mara ngapi?" Nikasema mbili. "Punguza. Asubuhi tu, na kama juu bado ni mbichi, ruka. Trei umeziosha? Udongo umetoa wapi?" Udongo nilikuwa nimetoa kwa maua yaliyokufa. Akatikisa kichwa vile mwalimu hutikisa. Hakuniuzia kitu. Nilinunua mbegu kwa aibu.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: kwa hivyo sasa umenunuliwa na kampuni za kemikali. Tulia. Ile hofu iliyofanya video yangu ikimbie ni ya kweli na mimi bado ninayo. Kila mtu hapa ana hadithi ya sukuma iliyopulizwa Alhamisi ikavunwa Ijumaa. Mwaka 2019 ombi lilifika hadi Bunge, kupitia Gladys Shollei, likitaka dawa hatari za mimea ziondolewe sokoni Kenya, na mazungumzo hayo hayajaisha. Mtu anayeuliza nini kimepulizwa kwa mboga yake hajakosea.

Mahali nilipokosea ni kuchukua hiyo hofu na kuifanya mlango wa kuuzia kitu kingine, kama vile neno "asili" ni cheti cha tabia njema. Pareto ni ua. Jeupe, zuri, linamea Molo na Nyandarua, na kwa miaka mingi Kenya ilikuwa inaongoza dunia kwa kuliuza. Linaua wadudu, ndiyo kazi yake, na nyuki na samaki pia likiwafikia haliwachagui. Maji ya tumbaku ni asili kabisa na nikotini iliyo ndani inaweza kukulaza hospitalini. Hata pilipili, uliza mtu yeyote aliyewahi kupuliza maji ya pilipili huku upepo unakuja upande wake. Mimi nimewahi. Nililia mpaka jirani akagonga mlango.

Nilirudi kwa mathe Juni nikiwa na thao tatu kwa bahasha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Alichukua bahasha, akahesabu, akaitia kwa aproni, akasema pesa ameona lakini deni bado liko: kila Jumamosi nije nichunge udongo wake wa kitalu mpaka msimu uishe. Nikakubali. Halafu nikamwomba kitu kimoja, nafasi ya trei nne nyuma ya kibanda, nifanye ile kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kufungua kamera.

Julai hii tulizipanda. Mbegu za pakiti moja, udongo wa gunia moja, miche 50 kila trei. Ya kwanza, maji asubuhi na jioni vile watu wengi hufanya. Ya pili, maji hayo hayo, na mdalasini mkavu juu. Ya tatu, maji asubuhi tu na tena udongo ukikauka juu, bila kitu kingine. Ya nne kama ya tatu, na mdalasini. Mathe akaziangalia, akaenda kwa jiko lake, akarudi na trei ya tano ambayo sikumwomba: maji kidogo, na jivu la makaa limechujwa, limenyunyizwa kidogo sana juu. "Mama yangu alifanya hivi," akasema. "Hakuwa na mdalasini."

Trei tano nyuma ya kibanda si utafiti, na sitaki nione mtu amezigeuza grafu. Lakini hivi ndivyo tulivyohesabu baada ya wiki tatu. Ya kwanza iliangusha 19. Ya pili, ile ya maji mengi na mdalasini, 16. Ya tatu, maji kidogo bila kitu, 3. Ya nne, 2. Ya jivu, 3. Yaani mdalasini ukiwa na maji mengi haukuokoa, na ukiwa na maji kidogo haukuwa na kazi ya kufanya. Jivu nalo vivyo hivyo, tofauti ni kwamba halikugharimu kitu. (Ukilitumia, liwe kidogo, na liwe la makaa au kuni. Jivu la kuchoma plastiki usiweke karibu na chakula. Na ukirundika, udongo unaungua kwa magadi.)

Tulikuwa tumechuchumaa hapo tunahesabu, mathe akauliza, "Kwa hivyo dawa ni kuacha kumwagilia?"

"Ni kupunguza."

Akafikiria. "Hiyo hakuna mtu ataangalia."

Na hapo, wasee, mama mboga alikuwa amenieleza kazi yangu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifundisha. Mtu aliyelala chini akanyunyiziwa kitu cha rangi ya dhahabu akasimama, hiyo utatuma kwa grupu. Mtu anayeangalia udongo, anaugusa kwa kidole, anasema bado, anaondoka, hiyo utapita kwa sekunde moja. Lakini hiyo ya pili ndiyo inayolisha watu. Hapa Nairobi kulima si mchezo wa wikendi wa watu wa Instagram peke yao. Kaunti ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015 kwa sababu watu walikuwa wanakula kutoka kwa magunia na kingo za barabara. Mimi nikikosea kuhusu nywele, utanyoa. Nikikosea kuhusu kitalu, mtu anakopa kodi.

Kuna sehemu nilikuwa nimeamua kuificha, halafu nikaona nikificha hii nitakuwa nimerudi pale pale. Machi, kabla mathe hajaniambia, kampuni moja ya viungo ilinitafuta. Sitaitaja. Walitaka video tatu za viungo vya jikoni kama dawa za shamba, na nusu ya malipo, elfu kumi, iliingia kwa M-Pesa siku ile ile. Kodi yangu ni elfu tisa. Mnajua ilienda wapi. Baada ya zile trei nimewaandikia kwamba ninaweza kufanya video moja tu, ya kitu ambacho mimi mwenyewe bado natumia mdalasini: nikikata tawi au nikigawanya mmea wa nyumbani, napaka unga mkavu kwa kidonda ili kikauke, kwa kidonda tu, si kwa mizizi, kwa sababu mizizi nayo unaikausha. Wao wanataka maneno "dawa ya asili" yawemo na miche iwemo. Nimekataa. Nimerudisha elfu nne mpaka sasa, iliyobaki ninawalipa kidogo kidogo, na kama ukiona siku hizi narekodi na taa moja badala ya mbili, ni kwa sababu hiyo nyingine iko kwa mtu mwingine.

Ile video sijaifuta. Nilikuwa nimeshika kitufe, halafu nikaitafuta nikaona nakala zake kumi na kitu, zingine zina sauti ya mtu mwingine juu ya mikono yangu. Nikifuta yangu, zile zitabaki na hakutakuwa na mahali pa kuja kuniuliza. Kwa hivyo iko, na komenti ya kwanza nimebandika hesabu ya trei zote tano. Watu wengine wamekasirika. Mmoja ameniambia mdalasini ulimfanyia kazi na mimi nina wivu na mdalasini. Sawa.

Kama uko na kitalu sasa hivi na miche imeanza kuanguka: ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo wake kidogo, usiiache hapo. Simamisha maji mpaka juu pakauke. Sogeza trei ifike jua na upepo. Msimu ujao osha trei, usitumie udongo wa mimea iliyokufa, ukiweza umwagie maji yanayochemka kabla ya kupanda uache upoe, na mbegu usizisonge kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Ukiwa bado na shida nenda kwa agroveti uulize swali kabla ya kuuliza bei. Na ukijaribu kitu chochote, changu au cha mwingine, acha trei moja bila hicho kitu. Hiyo trei moja ingenigharimu nini mimi mwaka jana? Dakika tano.

Jumamosi iliyopita nilikuwa huko nachunga udongo. Mathe ameanza kuuza nyanya tena, trei mbili za kwanza zilienda kwa mtu wa Uthiru. Msichana wake alikuwa anapanga kibanda akapata, nyuma ya kopo la royco, pakiti moja kati ya zile nne, haijafunguliwa. Akatuonyesha sote wawili bila kusema kitu. Mathe akamwambia atie maji kwa sufuria, na majani mengi, ili huo mdalasini uwe na kazi.